Makapi Nilikuwa Nawapa Kuku

Kiu ilinianzia Tunduma, kwenye foleni ya mpakani. Malori yalikuwa yamepangana hadi huko nyuma Mpemba, siku ya tatu tunasogea kidogo tunazima injini, na kazi yangu ikawa kunywa na kukojoa. Nanywa lita ya maji, nusu saa haijaisha nipo nyuma ya tela. Usiku naamka mara tano. Utingo wangu akaanza kunitania: "Mzee, hilo tangi linavuja." Nikamwambia ni jua. Anayeijua Tunduma mwezi wa saba anajua jua lenyewe lilivyo, watu tunalala na makoti.

Kiu hiyo nilikuwa naizima kwa soda. Moja asubuhi na chapati, moja mchana, moja jioni, na katikati juisi ya boksi, kwa sababu kichwani mwangu juisi ilikuwa fungu moja na dawa. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Sikuwa najua. Nilikuwa nazima moto kwa petroli.

Macho ndiyo yaliyonishtua. Mwezi wa kumi, nikirudi kutoka safari nyingine, pale Uyole, kibao ambacho nimekisoma miaka kumi na minane nikakiona kimefunikwa na ukungu. Makambako nikapaki nikaingia duka la dawa, walikuwa wanapima sukari kwa shilingi 3,000. Kidole kikachomwa, tone likapandishwa kwenye kijiti, kimashine kikahesabu. 21.6, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Yule kijana wa dukani akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia wali maharage na soda. Akasema, "Kaka, hata kama ni soda mbili, haifiki hapa. Tafuta hospitali leo, na usiendeshe."

Niliendesha. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na sitalipamba. Nilikuwa na tani 28 mgongoni na bosi anapiga simu kila saa, nikaona hospitali ni ya Dar. Wewe usifanye hivyo. Sukari ikifika huko na una kiu na macho hayaoni vizuri, hospitali ni ile iliyo karibu.

Nyumbani nikakaa wiki nzima bila kumwambia mke wangu. Baba mdogo wangu alikufa na mguu mmoja. Ule mwingine ulikatwa kwa kisukari, na mimi ndiye niliyekuwa nambeba kumpeleka kubadilisha kidonda. Harufu ile bado naikumbuka. Kwa hiyo neno "sukari" kwangu halikuwa ugonjwa, lilikuwa msumeno. Siku niliyomwambia mke wangu hakulia wala hakupiga kelele. Alikwenda kabatini akachukua kopo la sukari akampelekea jirani.

Hospitali walinifanyia kipimo kinachoitwa HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kipimo hiki hukidanganyi kwa kufunga kula usiku mmoja. Kuanzia asilimia 6.5 unahesabiwa una kisukari. Yangu ilikuwa 11.8. Kipimo kile kilinigharimu shilingi 30,000 za mfukoni. Nikaandikiwa vidonge vya aina mbili, metformin na glibenclamide, na daktari, ambaye nje ya mlango wake kulikuwa na watu wasiopungua arobaini, akanipa maelezo ya kama dakika saba. Nikiwa nimeshashika kitasa akaongeza: "Acha soda, punguza wanga, kula matunda na mboga kwa wingi."

Neno la mwisho ndilo nililoondoka nalo. Matunda kwa wingi.

Siku ileile nikapitia Kariakoo nikanunua blenda, shilingi 95,000. Ilikuwa msimu wa maembe umeanza, mwezi wa kumi na moja, bolibo zimejaa kila kona. Nikajiwekea utaratibu. Kila nikiwa nyumbani, na kila siku ya kuondoka safari: bolibo nne kubwa, ndizi mbivu mbili, pasheni tano, maji kidogo. Nasaga mpaka blenda inapiga kelele ya kuomba msaada. Kisha namimina kwenye chujio, nakamua kwa kijiko, juisi inashuka nyororo kama rangi ya ukutani. Kwenye chujio yanabaki yale makapi, nyuzi za embe na mbegu za pasheni, nayachukua nawamwagia kuku nyuma ya nyumba. Wakawa wananijua. Wakisikia blenda tu, wamefika mlangoni.

Juisi ile sikuitia sukari hata punje. Nilijisifu kwa hilo. Naijaza kwenye chupa mbili, naziweka kwenye kiboksi cha barafu nyuma ya kiti, na Dar hadi Iringa zimeisha. Pale mizani ya Vigwaza nilikuwa nawahubiria wenzangu: acheni soda, nyie, angalieni mimi. Kuna mmoja alinunua blenda kwa ajili yangu. Nimeshamwomba radhi.

Baada ya miezi mitatu nikarudi kliniki kifua mbele. HbA1c: 11.3.

Miezi mitatu bila soda, vidonge sijaruka hata siku moja, na sukari haijatikisika. Nilikasirika. Kwanza nilishuku vidonge ni feki, halafu nikashuku maabara, halafu, nikiwa nimekaa kwenye benchi la kliniki, nikaanza kumshuku Mungu. Muuguzi aliyekuwa zamu ni mama wa makamo, wa wale wanaokutazama juu ya miwani. Hakunigombeza. Akasema, "Baba, nielezee siku yako moja, tangu unapoamka, usiruke kitu." Nikamweleza. Nilipofika kwenye juisi akaweka kalamu chini.

"Hayo maembe manne na ndizi mbili. Ningekuwekea hapa mezani na kisu, ungeyamaliza?"

"Manne, sista? Labda mawili."

"Kwa muda gani?"

"Robo saa hivi."

"Na juisi yake unainywa kwa muda gani?"

Nikanyamaza. Chupa nzima ya juisi ile nikiwa na kiu ni dakika mbili.

"Na makapi unapeleka wapi?"

"Nawapa kuku."

Mama wa watu alicheka akavua miwani. "Basi kuku wako sukari hawatapata."

Nilichojifunza kwenye benchi lile sikuwa nimekipata kwa yeyote kabla, na nakiandika hapa kwa maneno yangu mwenyewe. Tunda lina sukari, ndiyo. Lakini ndani ya tunda sukari ile imefungwa kwenye nyama na nyuzinyuzi. Unapotafuna, tumbo linaifungua kidogo kidogo, inaingia kwenye damu polepole, na wewe unashiba kabla hujafika tunda la tatu. Ukisaga na kuchuja, umevunja vifungo vyote, umetupa nyuzinyuzi, umebaki na maji matamu yanayoteremka bila kizuizi. Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi katika kundi moja na sukari ya kwenye soda na ya kwenye chai, zile zinazotakiwa kupunguzwa, hata kama wewe hukuongeza kitu. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo kwenye kundi hilo. Kumbe mimi nilikuwa nimeacha soda ya dukani nikafungua kiwanda nyumbani.

Ningekuwa mtu wa kati, ningerudi nyumbani nikala embe nusu na mambo yakaisha. Lakini mimi nikishtuka huwa narukia upande wa pili wa barabara. Nikaacha matunda yote. Jirani mmoja alinisaidia kwa kusema matunda ni sukari tu, Mungu ameipaka rangi. Miezi miwili sikugusa hata chungwa. Sukari ilishuka kiasi, lakini mtu anayekaa kwenye usukani saa kumi na mbili, anakula ugali na nyama choma, halafu hali tunda, choo chake kinakuwa adhabu. Nitaishia hapo. Madereva wenzangu mmenielewa.

Kisha ikaja siku ya Kitonga, ule mlima wa kona kabla ya Iringa.

Kulikuwa na sauti inazunguka kwenye simu zetu, mtu asiyejitaja jina anaeleza kwamba ukila matunda matupu tangu asubuhi hadi saa nane mchana unasafisha kongosho. Nikaona hii ndiyo njia ya katikati. Saa kumi na moja alfajiri pale Morogoro nikameza vidonge vyangu kama kawaida, nikala vipande viwili vya papai, nikawasha gari. Sikula kitu kingine. Mikumi tukapita, nyani wamekaa kandokando wanangoja maganda (usiwatupie, humo hifadhini ni faini), Ruaha Mbuyuni tukapita wale kina mama wa vitunguu, tukaanza kupanda.

Kwenye kona ya pili nikahisi jasho. Baridi, kama mtu amenimwagia maji ya kisima mgongoni. Mikono ikaanza kutetemeka juu ya usukani. Moyo unadunda shingoni. Halafu likaja jambo la ajabu kuliko yote: nikasahau gia. Miaka kumi na minane napanda Kitonga, nikatazama mkono wangu juu ya gia na sikujua unatakiwa kwenda wapi. Utingo akaniuliza kitu, nikamjibu kwa hasira, baadaye aliniambia nilichosema hakikuwa na maana. Kijana yule ana akili. Alinipigia kelele nisogee pembeni, nilipoegesha akaruka chini akaweka mawe nyuma ya matairi, akarudi na kimashine changu cha kupimia sukari. 2.9.

Aliyekuwa na juisi ya boksi ni yeye. Alinipa ninywe nusu. Tukakaa kama robo saa, akanipima tena, 4.4. Mikono ikatulia. Ndipo akanipa chapati mbili alizokuwa amefungasha, nikazila kando ya barabara huku malori yakinguruma kupita, na machozi yananitoka. Sijui kama yalikuwa ya hofu au ya aibu. Chini ya ukingo ule wa barabara ni bonde, na nimeshaona malori yakivutwa kutoka humo.

Ilikuwa siku moja tu ambayo juisi ilinifaa, na ilinifaa kwa sababu ileile iliyoniumiza: inakimbia kuingia kwenye damu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 hutaki kitu cha kutafuna polepole, unataka kile cha haraka. Nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida, au vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, kisha kula chakula cha kushikilia. Tangu siku ile boksi moja dogo la juisi halikosekani kwenye gari langu, limewekwa mahali pake kama kizimamoto, na halinywewi kwa kiu.

Muuguzi yuleyule safari hii hakucheka. Alinieleza kwamba glibenclamide inalisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, uwe umekula au hujala, kwa hiyo kuimeza halafu ukashinda na vipande viwili vya papai ni kujitega. Dozi ikabadilishwa na daktari. Kama unatumia vidonge vya sukari au sindano, kabla hujaanza mfungo wowote wa matunda au wa kitu chochote, uliza kwanza waliokuandikia dawa. Sauti za kwenye simu hazitakuwepo Kitonga.

Bosi nilimwambia ukweli. Niliogopa atanitoa njiani. Aliniweka kwenye mizigo ya Morogoro na Dodoma kwa miezi miwili mpaka sukari itulie, mshahara ulibaki, posho ya safari ikakatika, karibu nusu ya kipato. Iliuma. Lakini miezi hiyo miwili ndiyo niliyojifunza kula.

Muuguzi alinipa kipimo kisichohitaji mizani: tunda moja ni kiasi kinachoingia kwenye ngumi yako. Chungwa moja, pera moja, ndizi moja ndogo, nusu ya embe kubwa, kipande cha papai cha upana wa vidole vinne. Ngumi moja kwa mara moja, mara mbili au tatu kwa siku, usizirundike pamoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, jumla yake, na ukishajumlisha mchicha wa mchana na chungwa mbili tatu unakuta si mlima.

Halafu nikaanza kujipima mwenyewe, kabla ya kula na saa mbili baada yake. Vijiti vya kupimia ni ghali, boksi la vijiti 50 nilikuwa nanunua kwa 40,000, kwa hiyo sikupima kila kitu, nilipima yale ninayoyapenda. Embe dodo zima peke yake, tumbo likiwa tupu: kutoka 7.2 hadi 12.9. Nusu ya dodo baada ya mlo wa maharage na mboga: sikupita 9.5. Ndizi iliyoiva hadi ganda lina madoa meusi ilinipandisha kuliko ile yenye njano safi. Pera karibu halikunitikisa. Parachichi ndilo rafiki kabisa, sukari yake ni kidogo sana, ila lina mafuta ya kutosha, ukila mawili kila siku mkanda utakuambia. Namba hizi ni za mwili wangu. Mwili wako una za kwake, na boksi moja la vijiti linatosha kukufundisha.

Kuhusu pera, nina neno. Tunalidharau kwa sababu linaanguka bure uani na watoto wanalirushiana. Uzito kwa uzito, pera lina vitamini C kama mara nne ya chungwa, na nyuzinyuzi kama mara mbili. Mtu anaacha mapera yanaoza chini ya mti wake, anakwenda supamaketi kununua tofaa moja la Afrika Kusini kwa shilingi 1,000. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Niliporudi njia ndefu, nikaanza kuiona barabara kwa jicho jingine. Miaka yote ile nilikuwa naijua kwa vituo vya mafuta na migahawa ya nyama. Sasa Chalinze nanunua nanasi, mengi yanatoka Kiwangwa, na akija muuzaji dirishani nalinusa kwanza pale chini kwenye kitako. Lisilonukia silichukui hata likiwa la dhahabu. Morogoro ni machungwa, machenza na ndizi za kutoka milimani. Nalimenya chungwa kwa kisu lakini ule utando mweupe siuondoi wote, na nakula na nyuzi zake, sikamui na kutema kama tulivyozoea tangu utoto. Ruaha Mbuyuni ni ubuyu, ule mweupe wa kwenye ganda, siyo wa rangi uliopikwa na sukari. Makambako parachichi za Njombe. Uyole ndizi za Rungwe. Msimu ukibadilika nami nabadilika. Mwezi wa sita ukiniona nimeng'ang'ania embe ujue nimelilipia bei ya kuku.

Kwa hesabu, matunda yangu ya siku ni kati ya shilingi 1,500 na 2,500. Soda tatu na juisi ya boksi zilikuwa zinakwenda zaidi ya hapo. Sisemi matunda ni rahisi kwa kila mtu, nyumba ya watoto sita hesabu yake ni nyingine, ila mimi sikuongeza hela, nilihamisha.

Kosa jingine nililofanya huko njiani lilikuwa tikiti. Kipande kilichokatwa tayari, kimefunikwa nailoni, shilingi 500, jua la saa nane, kiu. Usiku ule nilichimba dawa kila kilomita ishirini mpaka Mafinga, siku mbili niko kitandani gesti, mzigo umesimama. Tunda lililokwishakatwa hujui kisu kilikuwa wapi, maji yalikuwa ya nini, na nzi wangapi wamekutangulia. Tangu hapo nanunua zima. Nina kisu changu kwenye ala, dumu dogo la maji safi, nanawa mikono, naosha tunda kabla ya kulikata, hata lile ninalolimenya, kwa sababu kisu kinaubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Na maembe mabichi ya chumvi na pilipili, ambayo nayapenda kuliko ninavyopaswa, nakula bila chumvi. Presha nayo imeanza kunichungulia.

Binti yangu anasoma uuguzi. Likizo moja alinisomea kwenye simu habari ya utafiti wa China uliochapishwa 2017, waliofuatilia watu kama nusu milioni kwa takribani miaka saba. Waliokuwa wakila matunda freshi kila siku walipata kisukari kwa kiwango kidogo kuliko waliokuwa hawali, na wale ambao tayari walikuwa na kisukari, walaji wa matunda walikufa kidogo na kuharibikiwa mishipa kidogo. Nikataka nimpigie simu yule jirani wa "Mungu ameipaka rangi". Binti akanizuia: "Baba, usikimbilie. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi kwamba tunda lenyewe ndilo lililowaponya. Anayekula matunda huenda pia anatembea, havuti sigara, ana kipato." Ni kweli. Hata kwangu mimi siwezi kusema ni matunda. Nimeacha soda, ugali umekuwa nusu ya ule wa zamani, kila nikipaki natembea kulizunguka lori mara kumi, na vidonge namezea maji kila siku. Ukinitoa vidonge ukaniachia mapera, nitaishia kwa baba mdogo.

Ninachoweza kusema bila kubishana na mtu ni hiki: tunda ndilo lililoniwezesha kuacha soda. Mtu aliyezoea utamu miaka arobaini humwambii anywe maji tu akakubali. Saa kumi jioni, Mafinga, nilikuwa nasikia soda inaniita kwa jina. Chungwa ndilo lililoizibia mdomo. Na choo kimerudi kuwa jambo la dakika tatu, ambalo kwangu ni sababu tosha.

Jambo moja nililichukulia kirahisi hadi pale kwenye benchi la kliniki. Tulikaa na mzee mmoja, nami kwa ile tabia yangu ya kuhubiri nikaanza kumsifia ndizi na parachichi. Akaniambia yeye kakatazwa. Figo zake zimechoka, haziwezi kutoa potasiamu ya ziada, na matunda hayo yana potasiamu nyingi. Ikirundikana inaweza kusimamisha moyo. Yeye ana orodha yake, vipande vyake vya kuhesabu, amepewa na mtu wa lishe. Nilifunga mdomo. Sasa dereva mwenzangu akiniuliza ale nini, namwuliza kwanza: figo umeshapimwa?

Kipimo changu cha mwisho, mwezi wa pili mwaka huu, HbA1c ilikuwa 7.1. Uzito umetoka kilo 96 hadi 87. Kibao cha Uyole nakisoma, ingawa nimepangiwa uchunguzi wa macho mwezi ujao, kwa sababu sukari ile ya mwanzo inaweza kuwa imeacha alama ndani ambazo mimi sizioni. Nina wasiwasi nao, siwezi kuficha.

Blenda bado ipo. Mke wangu anasagia nyanya na tangawizi. Ikipiga kelele kuku wanakuja mbio mpaka mlangoni, wanasimama, wanatazama ndani. Wanapata maganda tu.